Sura ya Sita: Fimbo ya Wakili Ishikwe na Nani?

Asubuhi moja, miaka kadhaa kabla Kiswahili hakijatangazwa kuwa lugha ya mahakama, nilikaa kwenye benchi la baraza moja la ardhi na nyumba, pembeni ya mama mmoja wa makamo. Nyaraka zake alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa kipande cha khanga iliyochakaa. Tukisubiri, alinifungulia nikaziona: barua ya serikali ya kijiji, risiti tatu zilizofifia, na hati ya mauziano yenye dole gumba la marehemu mumewe. Ada ya wakili alikuwa ameshalipa nusu. Alikuwa ameuza mabati aliyoyaweka akiba kwa ajili ya kuezekea jiko.

Shauri lake lilipoitwa, walisimama vijana wawili wenye suti nyeusi. Wakazungumza na mwenyekiti kwa Kiingereza, dakika nne hivi, mwenyekiti akaandika, karani akataja tarehe, wote wakainama na kuketi. Mama alinigeukia.

"Mwanangu, wamesemaje?"

"Wameahirisha, mama. Wakili wako hakuja."

"Na huyu aliyesimama upande wangu?"

"Amemshikia mwenzake."

"Amemshikia nini?"

Nilishindwa kumjibu vizuri. Kumshikia mwenzako shauri ni desturi ya kazi hiyo: wakili aliyebanwa mahakama nyingine humwomba mwenzake amsimamie, na mara nyingi anayesimama hajaligusa hata jalada. Kilichoombwa asubuhi ile kilikuwa tarehe nyingine tu. Wenyewe wanasema kesi imepigwa kalenda. Ya mama huyu ilikuwa imepigwa kalenda mara ya tano, mara mbili kwa sababu ya wakili wa upande wa pili, na mara tatu kwa sababu ya wakili aliyemlipa yeye mwenyewe.

Nimeianza sura hii kwake kwa makusudi. Mjadala wa nani awadhibiti mawakili wakiwa kwenye shauri huendeshwa na majaji, mawakili na Serikali, na kila mmoja huvutia kamba upande wake. Mwenye shauri, ambaye ndiye anayelipia makosa ya wote watatu, haulizwi.

Sheria yetu ina jibu lake, na ni la zamani. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, chimbuko lake ni Ordinansi ya mwaka 1954, mwaka uleule kilipoundwa Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS. Inasema kila wakili aliyekubaliwa ni afisa wa Mahakama Kuu. Maneno hayo yana uzito. Yanamaanisha kwamba wakili ana mabwana wawili kwa wakati mmoja. Mteja amemwajiri ampiganie mpaka mwisho. Mahakama nayo inamtaka asiidanganye, asifiche nyaraka, asiipotezee muda. Mteja anapomwambia wakili wake, "buruta mpaka wachoke," ndipo mabwana hao wanapogombana, na wakili lazima achague.

Nani anamwangalia anapochagua? Wa kwanza ni hakimu au jaji aliye mbele yake. Wa pili ni Kamati ya Mawakili iliyoundwa kwa sheria hiyohiyo, yenye nguvu ya kukaripia, kusimamisha au kumfuta mtu kwenye orodha ya mawakili. Kamati hiyo ina watu watatu: jaji wa Mahakama Kuu anayeteuliwa na Jaji Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali au afisa mwandamizi anayekaa kwa niaba yake, na wakili mmoja anayependekezwa na TLS. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Naomba msomaji azishike akilini nafasi hizo tatu, tutazirudia.

Tuanze na jaji, kwa sababu hoja yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Jaji yupo pale. Anamwona wakili anayeleta pingamizi la awali asubuhi ya siku ya kusikilizwa ilhali alikuwa na miezi sita ya kulileta. Anamwona anayemuuliza shahidi swali lilelile mara kumi ili kumchosha. Kamati inayokaa mwaka mmoja baadaye itasoma karatasi tu.

Na majaji wa Afrika Mashariki hawakukaa kimya. Mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua shauri kati ya kampuni ya biskuti ya Uganda, Mukisa, na West End Distributors. Mpaka leo sidhani kama kuna wakili Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ambaye hajawahi kuitaja kesi hiyo. Ndiyo iliyofafanua pingamizi la awali ni nini: hoja ya kisheria tupu, inayojengwa kwa kuchukulia kwamba yote aliyoyaeleza mwenzako ni kweli. Likihitaji ushahidi, si pingamizi la awali. Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold, alieleza kwamba mtindo wa kuyatumia mapingamizi haya ovyo unaongeza gharama na kuvuruga masuala ya msingi, akataka mtindo huo ukome.

Haukukoma. Zaidi ya nusu karne imepita, na kesi ya Mukisa inasomwa karibu kila siku ya kazi mahakamani, mara nyingi na wakili anayelipinga pingamizi ambalo halikupaswa kuletwa, au na mwenzake anayelitetea. Katazo lenyewe limegeuka kuwa hoja ya kujadiliwa, na kuijadili kunakula siku nyingine. Sababu naiona ni moja. Jaji alikataza, lakini anayevunja katazo hapotezi kitu. Pingamizi likitupwa, gharama anabebeshwa mteja, na wakili analipwa kwa siku ile ya ziada.

Kumbe wenzetu walishaliona tatizo hili. Uingereza, sheria ya mwaka 1990 iliipa mahakama uwezo wa kumtoza wakili mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, gharama zilizopotea kwa sababu ya uzembe wake au mwenendo wake mbaya. Kabla hajatozwa, anaitwa ajieleze. Kenya mwaka 2009 iliingiza katika Sheria ya Mwenendo wa Madai wajibu wa wakili, na si wa mteja peke yake, wa kuisaidia mahakama kumaliza mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Hiyo ndiyo aina ya fimbo ambayo namkabidhi jaji bila wasiwasi: ndogo, ya papo hapo, inayogusa shauri lililo mbele yake na mfuko wa aliyekosea.

Wasiwasi wangu unaanza jaji anapokabidhiwa fimbo kubwa.

Kwa sheria yetu, jaji yeyote wa Mahakama Kuu anaweza kumsimamisha wakili uwakili kwa muda. Mwaka 2018 Ado Shaibu, mmoja wa viongozi wa chama cha ACT-Wazalendo, alifungua shauri Mahakama Kuu kupinga uteuzi wa Profesa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili wake alikuwa Fatma Karume, mjukuu wa Rais wa kwanza wa Zanzibar na rais wa TLS kati ya 2018 na 2019. Tarehe 20 Septemba 2019, Jaji Kiongozi Eliezer Feleshi aliliondoa shauri hilo, na katika uamuzi huohuo akamsimamisha uwakili Bi. Karume, kutokana na maneno aliyoyaandika katika hoja zake za maandishi. Vyama vya wanasheria, vya ndani na vya nje, vililalamika kwamba hakupewa kwanza nafasi ya kujieleza.

Septemba 23, 2020, Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa Tanzania Bara. Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo wa Kamati. Tangu siku ya kusimamishwa ilikuwa imepita mwaka mmoja na miezi tisa.

Sitaki msomaji aipime kesi hii kwa mapenzi yake au chuki yake juu ya wahusika. Apime viti. Shauri lilimhusu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kiti kimoja katika Kamati iliyomfuta wakili ni cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali au mwakilishi wake. Aliyemsimamisha alikuwa jaji, mwenyekiti wa Kamati kwa sheria ni jaji, na rufaa inakwenda kwa majaji. Septemba 2021 Jaji Feleshi mwenyewe aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sidai kwamba yeyote alitenda kwa hila. Ninachosema ni kwamba mfumo unaomruhusu mtu kukaa leo upande huu wa meza na kesho upande ule hauwezi kumwambia wakili, "pigana bila woga," akaamini.

Na woga huo hauishii kwa wakili. Fikiria mwananchi ambaye kijiji chake kinabishana na wizara. Anahitaji wakili atakayesimama na kusema kwamba Serikali imekosea, na aseme kwa maneno makali ikibidi. Anayekaa upande wa pili wa shauri ni ofisi ya Mwanasheria Mkuu au jamaa zake wa karibu kiserikali. Mkuu wa ofisi hiyo ana kiti kwenye Kamati inayoweza kumnyang'anya wakili huyo mkate wake. Mawakili wengi niliozungumza nao hawasemi kwamba wanaogopa. Wanasema, "kesi za aina hiyo sizichukui." Maneno hayo yananisikitisha kuliko hukumu yoyote niliyoisoma nilipokuwa nikiandika kitabu hiki.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Wakili naye ni mtu. Jaji aliyekasirika, hata kama hasira yake ni ya haki, ni mlalamikaji, na mlalamikaji hatoi hukumu.

Wakenya walikumbana na sura nyingine ya tatizo hilihili. Januari 18, 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilimwandikia wakili Ahmednasir Abdullahi barua ya kumfahamisha kwamba haitamsikiliza tena, kwa sababu ya mashambulizi yake ya muda mrefu dhidi ya mahakama hiyo katika mitandao ya kijamii na vyombo vya habari. Katazo lilimgusa yeye, wafanyakazi wa ofisi yake, na yeyote anayemshikia shauri. Unaweza kuamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba wakili mkubwa hapaswi kuwarushia majaji tuhuma mtandaoni bila kuzithibitisha. Mimi naamini hivyo. Lakini Kenya ina Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili na ina Baraza la Nidhamu la Mawakili. Milango ipo. Mahakama ikiiruka na kumfungia wakili nje, wanaofungiwa pamoja naye ni wateja wake ambao hawakuandika neno lolote mtandaoni.

Basi waachiwe mawakili wenyewe? Hilo ndilo jibu utakalolisikia kwenye mikutano mingi ya wanasheria, na wanaolitoa hulitoa kwa moyo safi: chama huru cha mawakili ndicho kinga ya wakili dhidi ya dola. Nakubali nusu yake. Nusu ya pili ni yule mama wa mfuko wa nailoni. Akienda kulalamika kwamba wakili wake amemtelekeza, anampelekea wakili malalamiko dhidi ya wakili, tena labda walisoma darasa moja na jioni wanakunywa chai pamoja. Wazee walishasema kesi ya nyani usimpelekee ngedere.

Uingereza ilijifunza hilo kwa njia ndefu. Kwa muda mrefu, chama kilichowatetea mawakili ndicho kilichowaadhibu, na malalamiko ya wateja yalirundikana. Ripoti ya Sir David Clementi ya Desemba 2004 ilipendekeza kazi hizo mbili zitenganishwe, na Sheria ya Huduma za Kisheria ya mwaka 2007 ikazitenganisha. Chama kikabaki na utetezi wa wanachama. Nidhamu ikapewa vyombo vingine ambavyo ndani yake wamo watu wasio wanasheria, na juu ya vyombo hivyo ikawekwa bodi ya kuvisimamia.

Ningependa kuishia hapo na kusema tuige. Siwezi, kwa sababu ya posta.

Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliweka katika matawi yake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na kasoro na ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa matawi madogo, watu wa kawaida wenye duka na kaunta ya posta kijijini, walishtakiwa kwa wizi na uhasibu wa uongo. Posta yenyewe iliwashtaki zaidi ya watu 700, ikitumia mawakili wake. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Julai 2013 mwanasheria mmoja aliyekuwa akiifanyia kazi Posta aliandika ushauri kwamba shahidi mtaalamu aliyetegemewa katika kesi hizo hakuwa ameziweka wazi hitilafu alizozijua. Ushauri huo haukuwafikia waliohukumiwa mpaka mwaka 2020. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa mpigo.

Tazama hapo. Majaji waliokaa na mawakili wale ukumbini hawakuona kitu, maana jaji huona kilichowekwa mezani tu. Kosa lilikuwa kwenye kisichowekwa. Na vyombo vipya vya nidhamu, pamoja na uhuru wake wote, vilichukua miaka, vikisubiri uchunguzi wa umma ufike mwisho. Waliolipasua jambo lile ni wenye mashauri wenyewe, waliokataa kunyamaza, waandishi wa habari waliowaamini, na hatimaye kesi ya madai waliyoifungua wao na kushinda mwaka 2019.

Kwa hiyo uhuru wa chombo peke yake hautoshi. Chombo kinahitaji uwezo wa kudai majalada, na kinahitaji mtu wa kawaida anayeweza kukigongea mlango na kufunguliwa.

Nina mfano mmoja ambao naona ulikwenda sawa. Abiria mmoja alidai kwamba mwaka 2019 toroli la kugawia chakula lilimgonga goti kwenye ndege ya Avianca iliyokuwa ikielekea New York. Shauri lilifika mbele ya Jaji P. Kevin Castel. Mwaka 2023 mawakili wa abiria waliwasilisha hoja zenye kesi za mfano ambazo hazikuwahi kuwepo duniani. Walizipata kutoka programu ya ChatGPT, na walipoulizwa waliendelea kuzishikilia. Jaji aliwaita wajieleze hadharani. Tarehe 22 Juni 2023 alitoa uamuzi wa maandishi, wenye sababu, akawatoza dola 5,000, na akawaamuru wampelekee mteja wao nakala, pamoja na kila jaji ambaye jina lake lilibandikwa kwenye hukumu za uongo. Leseni zao hakuzigusa. Alilinda shauri lake, alimfahamisha mteja, na suala la kama watu hao wanafaa kuendelea kuwa mawakili aliwaachia wengine.

Hapo ndipo ninaposimama. Mwenendo wa shauri ni wa jaji. Amkatize wakili, amtoze, akatae ahirisho, aandike kwenye mwenendo wa kesi kwamba wakili fulani amekosa kufika mara tatu, na aagize mteja aelezwe. Leseni ya wakili, ambayo ndiyo uhai wake, isiamuliwe na jaji aliyekosewa wala na mwanasheria wa upande uliokuwa ukishindana naye. Iamuliwe na kamati inayokaa hadharani, yenye jaji mstaafu, mawakili, na wananchi wasio wanasheria: mwalimu, muuguzi, mkulima aliyewahi kuwa na shauri. Najua watakaosema mkulima hajui maadili ya uwakili. Mabaraza yetu ya ardhi yana wazee wa baraza, na tunawaamini watoe maoni juu ya mashamba ya watu. Watashindwaje kujua kwamba wakili aliyekula ada na kutofika mara tatu amekosea?

Kuna hatua moja ambayo imeshapigwa na haikupewa sifa inayostahili. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wengi waliichukua kama suala la utamaduni. Mimi naiona pia kama sheria ya nidhamu ya mawakili. Wakili anayeomba ahirisho kwa Kiswahili anaomba mteja wake akisikia. Akisema "sijajiandaa, Mheshimiwa," yule mama kwenye benchi haulizi mtu wa pembeni wamesemaje. Bado kuna kumbi ambako Kiingereza kinaendelea kutawala kwa mazoea, na kila siku kinapotawala bila sababu, mwenye shauri anawekwa nje ya shauri lake.

Na wewe msomaji mwenye shauri, usingoje mageuzi. Kabla hujalipa, lihakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili, maana vishoka wapo. Dai risiti. Nenda mahakamani kila tarehe hata ukiambiwa hakuna haja, na andika kwenye daftari lako nani alifika, nani hakufika, na sababu iliyotolewa. Ukifika wakati wa kulalamika, daftari hilo ndilo litakalokuwa shahidi wako.

Kuhusu Kamati ya Mawakili, hukumu yangu ni hii: Mwanasheria Mkuu wa Serikali hapaswi kuwa na kiti ndani yake. Kiti hicho kimewekwa na kifungu cha 4 cha Sura ya 341, na Bunge lina uwezo wa kukiondoa.